Unapungua au Unajimaliza? Dalili za Kukata Chakula Kupita Kiasi na Namna ya Kuzirekebisha

Mtu anayetaka kupungua hapa Kigoma mara nyingi huanza kwa kuacha ugali. Wiki ya pili anaacha chai ya asubuhi, ya tatu anaacha kula usiku, na mizani ikishuka anasifiwa kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Kisha malalamiko yanaanza, na ni yaleyale kila mara: kizunguzungu, nywele kukatika, hedhi kupotea, hasira za bure, mizani iliyogoma ghafla. Wengi wakifika hapo wanadhani wanatakiwa kukaza zaidi. Karibu wote wanatakiwa kula zaidi.

Kupungua kunatokana na kula kalori chache kuliko unazotumia. Tofauti hiyo ndiyo ninayoiita pengo katika mwongozo huu. Pengo la wastani mwili hulijaza kwa mafuta uliyojiwekea, na wewe unaendelea na shughuli zako. Pengo likizidi, mwili unakula na misuli, unapunguza joto lake, unasimamisha mambo ambayo si ya kukuokoa leo, kama nywele na uzazi. Dalili nitakazozitaja ni mwili kubana matumizi.

Tafuta dalili inayokusumbua. Sababu nimezipanga kuanzia inayowapata wengi hadi ya nadra. Anza na ukaguzi mwepesi hata kama unajiona unajua tayari.

Wasiojitibu kwa mwongozo huu

Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, mwenye kisukari anayetumia vidonge au insulini, mwenye selimundu, aliye kwenye dozi ya kifua kikuu, na yeyote aliyewahi kuwa na tabia ya kujitapisha baada ya kula. Hawa waanzie kwa daktari au kwa ofisa lishe wa halmashauri. Anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya kalori 500 hivi kwa siku juu ya mahitaji yake ya kawaida. Mama anayefunga tumbo na kuacha kula wiki ya tatu baada ya kujifungua anajidhuru, na marafiki zake wanaomhimiza hawamsaidii.

Kuna na kundi la pili: wale wanaopungua bila kujaribu. Kama hujabadilisha chakula wala mazoezi na nguo zinakupwaya, hilo si suala la pengo la kalori. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni au jasho la usiku, nenda kapime kifua kikuu. Ukiwa na kiu isiyokatika na mkojo wa mara kwa mara, pima sukari. Kipimo cha VVU nacho kifanyike. Usishangilie kilo zilizoondoka zenyewe.

Kwanza pima ukubwa wa pengo

Njia nyepesi haihitaji kuhesabu kila kijiko. Jipime mara tatu au nne kwa wiki, asubuhi, ukishatoka chooni na kabla ya chai, kwenye mizani ileile. Chukua wastani wa wiki. Wiki ya kwanza iache, haina ukweli ndani yake. Kisha tazama umepungua kilo ngapi katika siku 28 zinazofuata. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo aliyepungua kilo 2 alikuwa na pengo la kalori 550 kwa siku. Aliyepungua kilo 4 alikuwa na pengo la 1,100. Aliyepungua kilo 6 alikuwa na 1,650, na huyo simsifu hata kidogo.

Kasi inayokubalika ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Mimi napenda kupima kwa asilimia: usizidishe asilimia moja ya uzito wako kwa wiki. Mwenye kilo 110 anaweza kupoteza kilo moja bila tabu. Mwenye kilo 60 akipoteza kilo moja kila wiki, anakimbia mno.

Kama huna mizani ya kuaminika, kadiria. Mchukulie mama wa miaka 34, kilo 82, urefu sentimita 160, anayeuza vitenge sokoni Mwanga. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990 unazidisha uzito kwa 10, urefu kwa 6.25, unajumlisha, unatoa umri uliozidishwa kwa 5, kisha kwa mwanamke unatoa 161 (kwa mwanamume unaongeza 5). Anapata 1,489: hizo ni kalori za kumweka hai akiwa amelala tu. Kwa kuwa anakaa dukani muda mwingi na kutembea kiasi, zidisha kwa 1.375. Inakuja karibu 2,050 kwa siku. Akila 1,550 atapungua vizuri.

Sasa tazama anachokula kweli. Asubuhi chai ya rangi bila sukari. Mchana yai moja la kuchemsha na tango. Jioni ugali wa unga gramu 100 na mchicha uliokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta. Yote haifiki kalori 650. Pengo lake ni 1,400 kwa siku, na anakula chini ya theluthi ya anachotumia. Akija kulalamika kwamba magoti yanalegea akipandisha mlima kutoka stesheni, sababu tunayo mezani.

Mpaka wa chini unaotumika sana ni kalori 1,200 kwa mwanamke na 1,500 kwa mwanamume, isipokuwa unasimamiwa na daktari. Lishe ya chini ya kalori 800 ni tiba ya hospitali yenye vipimo, haifanywi nyumbani. Na mpaka usiugeuze kuwa lengo. Kijana anayebeba magunia mwaloni Kibirizi anaweza kutumia zaidi ya kalori 3,000 kwa siku. Akila 1,500 yuko juu ya mpaka, lakini pengo lake bado ni kubwa kupita kiasi.

Dalili: Mizani inashuka haraka mno

Sababu ya kwanza, hasa wiki ya kwanza, ni maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hushika gramu tatu hivi za maji. Ukiacha ugali, wali na chapati kwa siku chache, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Kilo mbili hadi tatu zinaweza kuondoka bila mafuta mengi kuguswa. Hakuna cha kurekebisha hapo, subiri tu wiki ya pili.

Sababu ya pili ni pengo lenyewe. Kasi ikiendelea kuzidi asilimia moja wiki ya tatu na ya nne, ongeza kalori 250 hadi 300 kwa siku na upime tena baada ya wiki mbili.

Sababu ya tatu inaniumiza, kwa sababu watu hununua kwa fedha zao: majani na vidonge vya "kusafisha tumbo". Vingi hufanya kazi kwa kuharisha tu. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili, hasa potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo yanavurugika. Ukaguzi ni mwepesi: kama unaenda chooni mara nne kwa siku tangu uanze majani hayo, yaache.

Ikiwa umeondoa sababu zote tatu na bado unashuka huku unakula vya kutosha, rudi kwenye kundi la wanaopungua bila kujaribu nililolitaja juu. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nayo huleta hali hii, mara nyingi pamoja na mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio.

Dalili: Kizunguzungu, giza machoni ukisimama

Hili ndilo lalamiko linaloongoza.

Anza na maji na chumvi. Anayeacha ugali na mboga ameacha na chumvi iliyokuwa ndani ya mboga hiyo, na wiki za kwanza figo hutoa maji mengi. Joto la pwani ya ziwa linaongeza jasho. Angalia mkojo: ukiwa wa rangi ya chai, kunywa maji, na kwenye chakula rudisha chumvi ya kawaida. Mwenye shinikizo la damu asiongeze chumvi bila kumuuliza daktari.

Kisha angalia saa za kula. Mtu aliyekula mara ya mwisho jana saa kumi jioni, akasimama kwenye foleni hadi saa sita mchana, ataona giza hata kama jumla ya kalori zake si mbaya. Gawa chakula kilekile mara tatu. Mwezi wa Ramadhani nawaona wengi Ujiji wanaoruka daku ili kuongeza kasi ya kupungua. Usiruke. Kula daku yenye maharage au yai, na wakati wa kufuturu usijaze maji matupu tumboni.

Tatu ni dawa za presha. Uzito ukishuka, presha nayo hushuka, na dozi iliyokufaa ukiwa na kilo 95 inaweza kuwa kali ukiwa na 80. Usiiache mwenyewe. Rudi kliniki wapime na kurekebisha.

Nne, upungufu wa damu. Tazama ndani ya kope la chini na viganja: vikiwa vyeupe, na unahema ukipanda mlima mdogo, kapime wingi wa damu. Kwetu sababu ni nyingi zaidi ya chakula: malaria, minyoo ya safura, hedhi nzito. Chai ya rangi unayoinywa pamoja na mlo ili kuua njaa inapunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye maharage na mboga. Inywe saa moja kabla au baada.

*Simama hapa.* Ukianza kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa, hiyo inaweza kuwa sukari kushuka, na kwa anayetumia glibenclamide (vidonge vya kisukari) au insulini ni hatari ya papo hapo. Sukari iliyo chini ya 4 mmol/L imeshuka. Koroga vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, unywe, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote mdomoni. Apakiwe kwenye bajaji apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Na yeyote aliyezimia, hata mara moja, asiendelee na mpango wake hadi aonwe na daktari.

Dalili: Nakula kidogo sana lakini mizani imegoma

Hapa ndipo watu wengi wanapojiumiza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mama mmoja wa Katubuka, mama lishe, alinieleza kwa uchungu: "Mwanangu, mimi sili kitu, lakini kilo haziondoki. Wanasema nakula kwa siri." Sikumwambia anadanganya, kwa sababu hakuwa anadanganya. Nilimwamkia kesho yake asubuhi jikoni kwake, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikatazama. Alimimina mawese kwenye sufuria ya sombe (kisamvu) kwa upawa. Alionja chumvi. Dagaa zilipoiva akaonja mchuzi, akaongeza pilipili, akaonja tena. Mjukuu akaacha nusu kikombe cha uji, akakimalizia kisimwagwe. Mchana wateja wakaisha, akakwangua ukoko wa wali. Jioni, akiwa hajakaa kula hata mara moja, akanywa chai akalala na njaa.

Kijiko kimoja cha chakula cha mawese kina kalori 120 hivi. Kuonja mara tano mchuzi mzito wa mawese, nusu kikombe cha uji wa sukari na ukoko vinafika 700 kwa urahisi, na hakuna hata moja aliyoihesabu kuwa mlo. Hakupewa ushauri wa kupunguza. Aliambiwa akae mezani mara mbili kwa siku, sahani yake mwenyewe, na kuonja kuwe kwa ncha ya kijiko. Mama yule aliongeza milo, na uzito ukaanza kushuka.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya mizani kugoma ni kalori zisizoonekana: mafuta, kuonja, mabaki ya watoto, soda, sukari ya chai. Mawese ni chakula kizuri chenye vitamini A nyingi na sitaki mtu ayaache. Yapime tu kwa kijiko badala ya upawa.

Ya pili ni maji yanayoficha mafuta yaliyopungua. Siku za kuelekea hedhi mwanamke anaweza kuongezeka kilo moja au mbili za maji. Samaki wa chumvi wa jana wanapandisha mizani ya leo. Mazoezi mapya yanavimbisha misuli kidogo. Kukosa usingizi na msongo wa mawazo hufanya hivyohivyo. Pima mzunguko wa kiuno kwa futi ya fundi cherehani: kiuno kikipungua na mizani ikisimama, unapungua.

Ya tatu ndiyo mtego wa pengo kubwa. Unapokula kidogo mno unatembea kidogo bila kujua. Unapanda bajaji badala ya kwenda kwa miguu, unamtuma mtoto dukani, unajilaza mchana. Mwili wenyewe nao unapunguza matumizi, zaidi kidogo ya vile uzito mpya ungetegemea. Mtu anajibu kwa kukata tena, mwili unabana tena. Toka kwenye mduara huu kwa kula hadi kiwango cha kudumisha uzito kwa wiki mbili, halafu anza upya na pengo la 300 hadi 500.

Ya nadra ni tezi ya shingo iliyolegea. Ishara zake ni kuhisi baridi, ngozi kukauka, sauti kukwaruza na choo kigumu. Inahitaji kipimo cha damu.

Dalili: Njaa ya usiku isiyozuilika, kula hadi kuumwa

Unashinda siku nzima kwa tango na chai. Saa nne usiku unafungua sufuria na kula mpaka unahema. Asubuhi unajilaumu, unajifungia tena.

Sababu ni moja karibu kila mara: mchana umekula kidogo mno. Huna udhaifu wa moyo, na ninaomba uache kujiita majina mabaya. Kati ya mwaka 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwalisha vijana 36 wa kujitolea, wote wenye afya njema, takriban kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24, huku wakitembea kilomita nyingi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito. Walihisi baridi majira ya joto, walikasirikiana, waliota chakula, wengine walikusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula bila kushiba kwa muda mrefu. Kalori 1,570 ni zaidi ya wanachokula wengi wanaojiita wako kwenye mpango.

Rekebisha asubuhi, si usiku. Kula kifungua kinywa chenye kitu cha kushibisha: mayai mawili, au maharage ya jana na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Fanya hivyo siku kumi mfululizo kabla ya kuhukumu.

*Simama hapa* ukianza kujitapisha, kuficha chakula, au kuona maisha hayana maana kwa sababu ya mwili wako. Hayo yanatibika, na tiba yake ni ya daktari na mshauri wa afya ya akili. Usiyabebe peke yako.

Dalili: Nguvu zimeisha, mikono imelegea, lakini kitambi kipo

Hii ina sura yake ya Kigoma. Mtu anapobana, kitu cha kwanza kuachwa ni samaki, kwa kuwa ni ghali, na kinachobaki ni ugali wa muhogo na mchuzi. Unga wa muhogo una protini kidogo sana, gramu moja au mbili hivi kwa kila gramu 100. Unga wa mahindi una kama gramu nane. Pengo kubwa pamoja na protini kidogo ndiyo njia fupi ya kupoteza misuli. Mizani inashuka, mkono unakuwa mwembamba, tumbo linabaki.

Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 84 hadi 112. Aliye mnene sana ahesabu kwa uzito anaoulenga. Yai moja lina gramu sita, kikombe cha maharage yaliyoiva gramu 15, kipande cha samaki aina ya mgebuka cha gramu 100 kilichopikwa kinazidi 20. Dagaa wakavu ndio mkombozi wa mfuko: sehemu kubwa ya uzito wao ni protini, na unawala na mifupa, kwa hiyo kalisi nayo umeipata. Wakaange bila mafuta kwanza, kisha weka nyanya, vitunguu na kijiko kimoja cha mawese.

Fanya pia mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki. Kuchuchumaa na kusimama, pushapu ukutani, kunyanyua ndoo ya maji. Kutembea peke yake hakuzuii misuli kupotea.

Kama udhaifu uko upande mmoja wa mwili, au umekuja ghafla, hilo ni la dharura. Nenda hospitali muda huohuo.

Dalili: Nywele zinatoka kwa mafungu

Hesabu nyuma. Nywele hutoka miezi miwili hadi mitatu baada ya mwili kupata mshtuko, kwa hiyo chanzo si shampuu ya wiki hii. Kama wakati ule ulikuwa kwenye pengo kubwa, jibu umelipata: rudisha chakula na protini, na mara nyingi zitaota tena ndani ya miezi sita hadi mwaka. Sababu nyingine ni upungufu wa madini ya chuma, uzazi wa karibuni, homa kali, na misuko inayobana. Nywele zikitoka kwa duara au ngozi ya kichwa ikiwa na vidonda, mwone daktari wa ngozi.

Dalili: Hedhi imepotea

Kipimo cha mimba kwanza. Kabla ya jambo lolote.

Pili, kumbuka uzazi wa mpango: sindano na kijiti husimamisha hedhi kwa wanawake wengi bila ubaya wowote. Kama huna mimba wala hutumii hayo, na umekuwa ukila kidogo na kufanya mazoezi mengi, mwili umesimamisha uzazi ili kuokoa nguvu. Hili linawapata hata wenye uzito wa kawaida, hasa wasichana wanaokimbia na kucheza mpira. Homoni ikiendelea kuwa chini, mifupa inadhoofika, na mifupa ya msichana wa miaka 20 inapaswa kuwa bado inajengwa.

Ongeza chakula, punguza mazoezi makali. Ikipotea miezi mitatu mfululizo, nenda hospitali. Usinunue vidonge vya kuirudisha dukani. Vitaleta damu bila kutibu chanzo.

Dalili: Baridi, usingizi mbovu, hasira

Ukivaa sweta Kigoma mchana wa Septemba, angalia kwanza kama una malaria. Kipimo kikiwa safi, tazama sahani yako. Kuamka saa tisa usiku na njaa, kugombana na watoto kwa jambo dogo, kushindwa kufuata hesabu za duka: vikikutana vyote pamoja na kasi ya zaidi ya asilimia moja kwa wiki, pengo ni kubwa. Ongeza sehemu kubwa ya nyongeza kwenye mlo wa jioni, na iwe ya wanga, kama viazi vitamu au ndizi za kupika. Wengi hulala vizuri ndani ya siku chache.

Dalili: Choo kigumu

Umepunguza chakula, umepunguza na nyuzi. Maharage, matembele, papai, maji. Damu kwenye choo ni ya daktari.

Dalili: Maumivu upande wa kulia chini ya mbavu

Hili halisemwi vya kutosha. Kupungua kwa kasi, hasa zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, huongeza hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo. Ini hutoa kolesteroli nyingi kwenye nyongo, na kifuko kisipobanwa na chakula chenye mafuta kinakaa kimejaa hadi mawe yanajijenga. Ndiyo maana siungi mkono lishe isiyo na mafuta kabisa. Maumivu huja baada ya kula, yanapanda hadi bega la kulia, na wengi huyaita vidonda vya tumbo wakanywa dawa za vidonda kwa miezi.

Hapa hakuna ukaguzi wa nyumbani. Kapige ultrasaundi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni ndiyo ya rufaa kwa mkoa wetu kama kituo chako hakina kipimo hicho. Yakija na homa, kutapika kusikokoma, macho ya manjano au mkojo mweusi, usisubiri asubuhi.

Namna ya kupunguza pengo bila kuharibu

Ongeza kalori 250 hadi 300 kwa siku, kisha kaa hapo wiki mbili. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 230. Kiganja cha karanga, gramu 30, kina 170. Nusu parachichi la wastani 160. Glasi ya maziwa 150. Ndizi mbivu moja kama 100. Ugali wa mahindi ukiurudisha, urudi na dagaa.

Tarajia mizani kupanda kilo moja au mbili siku za kwanza. Ni maji na akiba ya wanga inayojaa tena, yaleyale yaliyotoka wiki ya kwanza. Wengi huogopa hapa na kukata upya. Vumilia, pima kiuno, tazama usingizi na nguvu zako.

Anayefaa kuacha kupungua kabisa ni yule aliyefika chini ya uwiano wa 18.5, yaani kilo zake zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu wa sentimita 160 ni kilo 47 hivi. Hata kama kioo kinamwambia vingine.

Na aliyekaa siku tano au zaidi bila kula kitu cha maana, au aliyekonda sana kwa muda mfupi, asijilipizie kwa sinia la pilau. Chakula kingi cha ghafla kinaweza kuvuta fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu hadi moyo ukashindwa. Huyo aanze kulishwa hospitali, kidogo kidogo, huku damu yake ikipimwa.